Kozi ya kuchagua ikiwa ni moja tu, hapo tunachagua nini? Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitivo chetu cha Famasia

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Famasia,
pamoja na Kamati ya Mtaala,
Mombasa.

Mheshimiwa Profesa,

YAH: KUONGEZWA KWA KOZI ZA KUCHAGUA KWENYE DIGRII YA FAMASIA

Shikamoo Prof, na wanakamati wote assalamu alaikum. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa nne, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa. Jina la chuo silitaji kwa sababu sitafuti kumuaibisha mtu, wewe ukiisoma hii utajijua na wenzangu watajua pia, inatosha.

Sikutaka kuiandika hadharani. Barua ya kwanza tuliileta mkononi kupitia kwa klasi rep, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na safari yake ikaishia kwenye ule muhuri. Ya pili tukaituma kwa imeili, kimya. Mara ya tatu ukatuita ofisini, na nasema kweli ulitupokea vizuri, ukatuagizia chai na mahamri, ukatusikiliza mpaka mwisho halafu ukasema "nyinyi vijana mko sawa, tutaliangalia." Sasa ni zaidi ya mwaka. Chai tulikunywa na tunashukuru Prof, lakini hiyo tutaliangalia imekuwa ndefu kuliko foleni ya feri Likoni jioni ya mwisho wa mwezi, ndio maana nimeona niiseme hapa mbele za watu, kwa heshima zote.

Haya, malalamiko yetu ni haya.

1. Kozi za kuchagua ziko kwenye kitabu, darasani haziko.

Kitabu cha mtaala tulichopewa siku ya kwanza kinasema mwanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano atachagua kozi kutoka kwenye orodha. Orodha ipo, nimeisoma, inapendeza. Lakini semista ikianza taimtebo inatoka na kozi moja tu, usimamizi wa biashara, na hiyo tunasomea ukumbi mmoja na wanafunzi wa biashara, kwa hiyo tumemaliza semista nzima tukipigiwa mifano ya duka la viatu. Sina ubaya na viatu. Ila stoki ya viatu haiekspaya Prof, na mteja wa viatu haulizi kama anaweza kuvivaa akiwa mjamzito. Zile nyingine kila mwaka jibu ni "haijafunguliwa", na fomu ya kujaza chaguo lako bado tunajaza, unatia tiki kwenye kisanduku kimoja kilichobaki. Huo ndio uchaguzi wetu.

Mwaka wa kwanza mlitufundisha kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 1997 lilizungumzia mfamasia wa nyota saba, na nyota mojawapo ni kuwa mtu wa kufanya maamuzi. Tulikariri, ikaja kwenye mtihani, tukapasi. Lakini miaka yote hii minne uamuzi wa nisome nini hata mmoja sijaachiwa.

2. Maswali ya kaunta za Mombasa hayamo kwenye noti zetu.

Hili ndilo linaloniuma zaidi na nitakaa hapa kidogo, mnivumilie.

Nilipokuwa atachimenti kwenye kemisti moja upande wa Kisauni aliingia jamaa mmoja mwembamba, akaniita daktari kwa sababu ya lile koti jeupe. Alikuwa anatumia methadoni, ile dawa wanayopewa walioacha heroini, na wiki mbili nyuma akaanzishiwa dawa za TB. Akaniambia, "Daktari, dozi ni ile ile na saa ni zile zile, lakini arosto imenirudia, usiku nahisi mifupa inavunjwa, na nyumbani washaanza kusema nimerudia unga na wallahi sijarudia."

Mimi nikamwambia anywe maji mengi. Maji mengi, Prof! Mwaka wa nne mimi.

Aliyemuokoa ni mzee wa kaunta, mtu wa diploma na miaka mingi ya kusimama pale. Akamuuliza polepole, hizo za TB ulizopewa ni za rangi gani, mkojo umebadilika rangi? Jamaa akasema umekuwa kama fanta. Mzee akanigeukia, "Rifampisini hiyo, inamla methadoni yake," akamwitia bodaboda arudi kliniki siku hiyo hiyo wakamuone.

Nikaenda kusoma peke yangu usiku. Rifampisini inaliamsha ini liifanyie kazi methadoni kwa kasi kuliko kawaida, dozi iliyokuwa inamkaa mtu siku nzima inaisha kabla ya wakati, ndio hiyo arosto, yale maumivu ya mwili kukosa dawa. Na balaa liko upande wa pili pia, wakimpandishia dozi halafu matibabu ya TB yakaisha, ini linarudi taratibu kwenye mwendo wake wa zamani, sasa ile dozi kubwa inakuwa nyingi mno kwake na inaweza kumzimisha pumzi. Na ukimpa naloksoni, ile dawa ya kumzindua aliyezidiwa dozi, akaamka usishangilie ukaenda zako, kwa sababu naloksoni inaisha mapema na methadoni bado iko mwilini, anaweza kuzama tena mbele ya macho yako.

Rifampisini tumeifundishwa. Methadoni pia, ilikuwa kwenye slaidi moja ya opioidi. Hakuna siku zilikutanishwa, na huku mtaani zinakutana ndani ya mtu mmoja. Kenya ilianza kutoa methadoni Nairobi mwisho wa 2014, mwaka uliofuata ikafika Pwani, Malindi, kisha Kisauni. Yaani ni mwendo wa matatu moja kutoka hapa tunaposomea, watu wanakunywa dozi yao kila siku mbele ya mhudumu, na famasia ndiyo kazi yenyewe pale dirishani, na sisi hatujawahi kupelekwa hata kuchungulia. Kozi ya kuchagua kuhusu dawa na uraibu ingekuwa wapi Kenya hii kama si Mombasa?

3. Ramadhani inakuja kila mwaka na kila mwaka inatukuta hatujui.

Mama mmoja wa makamo, amejitanda leso, alinijia siku chache kabla ya mwezi kuandama. Anatumia glibenklamaidi, dawa ya kisukari, asubuhi na jioni. Swali lake lilikuwa fupi, "Mwanangu, nikifunga hii ya asubuhi nimeze daku ama niiache?"

Naijua glibenklamaidi mimi. Naijua ile milango ya potasiamu kwenye seli za beta, nimeichora kwenye mtihani na mishale yake yote nikapata maksi kamili. Lakini huyu mama hakuuliza milango. Anauliza ikifika saa nane mchana, jua la Mombasa, hajala tangu alfajiri, hiyo tembe itamfanya nini. Na jibu lipo limeandikwa, kuna mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani uliotoka 2016 ukarekebishwa 2021, unasema mgonjwa aonwe wiki 6 mpaka 8 kabla ya mwezi ili dawa zipangwe upya, na dawa za kundi hili dozi ya daku kwa kawaida ndiyo inayopunguzwa, na glibenklamaidi yenyewe ndiyo inaogopwa zaidi kwa kushusha sukari mpaka mtu kuanguka, afadhali daktari ambadilishie. Unasema pia sukari ikishuka chini ya 70 (mg/dL) kwenye kile kipimo cha kidole mtu afungulie pale pale, asisubiri adhana. Na kuna wanaoogopa kujidunga kidole mchana wakidhani saumu itabatilika, wakati wanazuoni wengi wanasema haibatiliki, hilo nalo mfamasia wa Mombasa anatakiwa alijue alitoe kwa adabu, au angalau ajue ni sheikh gani wa kumuelekeza mgonjwa kwake.

Huyo mama nilimwambia arudi kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na ilikuwa sawa kumwambia hivyo, lakini nilisema kwa kubahatisha si kwa kujua. Na siku chache zilizobaki kweli zilimtosha kupata miadi? Sijui alifunga vipi. Mpaka leo nikipita mtaa ule naangalia kama nitamuona.

Wiki nne za kozi zingetosha kwa hili, semista nzima hata haihitajiki. Na si la Waislamu peke yao, Mkristo mwenye kemisti Majengo au Mji wa Kale ataulizwa swali hilo hilo, pengine mara kumi kwa siku.

4. Marikiti.

Famakognosia, somo la dawa zitokanazo na mimea, tumesoma, na ni ya lazima, sawa. Tumechora jani la digitalis, mmea wa Ulaya ambao sijawahi kuutia machoni na sidhani nitauona. Sasa toka hapo nenda Marikiti ukasimame kwenye maduka ya viungo, utaona habasoda, shubiri, mwarobaini, na wanaonunua ni wale wale wenye mfuko wa dawa za presha na moyo kwenye mkoba. Shubiri inaharisha, mtu akiharisha sana potasiamu inashuka, na potasiamu ikishuka kwa mtu anayetumia digoksini, dawa ya moyo ambayo ndiyo hiyo inayotoka kwa ndugu zake yule digitalis wa Ulaya, moyo unaweza kwenda kombo. Yaani nusu ya stori tunayo na nusu ya pili iko dukani kwa muuza viungo. Sisemi mitishamba ni mibaya, Tu Youyou alipata Nobel 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa Kichina, na nyumbani kwetu mwarobaini hauishi uani. Nasema mgonjwa akiniuliza "nichanganye?" niwe na jibu lingine zaidi ya "usichanganye," manake hilo halisikii mtu, atatoka hapo aende akachanganye bila kuniambia tena.

Na muguka je, majani yale ya jamii ya miraa? Tumeona kelele za 2024 kaunti ilipotaka kuupiga marufuku kesi zikaenda kortini, lakini darasani hakuna aliyetuambia kwamba kutafuna majani haya kunaweza kupunguza antibiotiki ya ampisilini inayoingia mwilini, jambo lililopimwa Yemen zamani. Teja wa muguka anakuja kaunta na kikohozi kila siku.

5. Joto, na bandari.

Hili fupi. Dawa zinazouzwa nchi za joto na unyevu kama yetu hupimwa zitadumu vipi kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75 kutegemea ukanda. Kontena likikaa juani kule Kilindini, au insulini ikibebwa kwenye tuktuk mchana wa Februari, hesabu inakuwa nyingine. Dawa za Uganda na Sudan Kusini nyingi zinapita hapa. Baada ya yale ya Gambia 2022, watoto kufa kwa dawa ya kikohozi yenye sumu ya diethilini glaikoli, ningedhani kozi ya kuchagua kuhusu ubora na usafirishaji wa dawa ingefunguliwa Mombasa kabla ya mji mwingine wowote. Tuko kilomita chache kutoka getini na hatujawahi kuvuka hilo geti.

Sasa najua mtasema nini, kwa sababu mengine mlishatuambia.

Mtasema hakuna walimu. Walimu wa kudumu kweli hawatoshi, tunawaona wanavyokimbia darasa mpaka darasa, hatuwalaumu hata kidogo. Lakini kozi hizi hazihitaji mtu wa kuajiriwa mpaka astaafu. Mji huu una wafamasia wa hospitali, wa kliniki za uraibu, wa maghala, watu wa ukaguzi, na wengine wao mliwafundisha nyinyi wenyewe. Mwalikeni mtu alasiri moja kwa wiki kwa semista moja, mumlipe posho ya haki na mumpe barua ya shukrani. Yule mzee wa kaunta niliyemtaja angenifundisha mengi kwa masaa mawili na hana hata digrii, najua kanuni hazimruhusu kutunga mtihani, lakini kuja kuzungumza nani amemkataza?

Mtasema mpaka bodi na tume zikubali. Kwa kozi mpya ni kweli na ni vizuri iwe hivyo, famasia si mchezo. Lakini zile zilizomo kwenye kitabu zilishakubaliwa zamani! Kuzifundisha mnahitaji ruhusa ya nani tena?

Mtasema taimtebo imejaa. Imejaa, ndiyo. Kuna mada nimefundishwa mara tatu na walimu watatu tofauti kwa slaidi zinazofanana, mojawapo hata tarehe ya chini haikubadilishwa. Mkikaa walimu wote meza moja mkalinganisha noti, nafasi itapatikana.

Mtasema wanafunzi watakimbilia kozi rahisi. Hapa Prof sitabisha, wapo, nawajua, na mmoja wao ni rafiki yangu wa karibu ambaye atanitumia voisi noti ndefu akisoma hii. Dawa yake ni kuzifanya kozi zenyewe ziwe na kazi ya kweli. Mpeleke mtu akae na mgonjwa mmoja mwezi mzima aandike ripoti, muone kama ataita hiyo rahisi.

Na lile la mwisho, ambalo mmoja wenu alilisema kwenye korido akidhani hatusikii, kwamba kozi za kuchagua ni anasa za wazungu. Marekani, vigezo vyao vya 2016 vilitaka mwanafunzi wa PharmD, digrii yao ya famasia, afanye angalau saa 1,440 za mazoezi mwishoni mwa masomo, kukiwa na mizunguko minne ya lazima na kwingine anachagua. Sisemi tuwaige, wao wana pesa zao na shida zao. Ila hata hao walioweka mambo ya lazima magumu namna hiyo wameona lazima mtu aachiwe mahali pa kuchagua. Na mimi sitaki ya lazima yapunguzwe, famakolojia, kemia, famasutiksi, yakae pale pale na mtupige mitihani kama kawaida, bila hayo hata hilo swali la methadoni nisingelielewa nilipokwenda kulisoma.

Basi tunachoomba ni hiki. Semista ijayo zifunguliwe angalau mbili kati ya kozi zilizomo kwenye kitabu, na fomu ya kuchagua itoke mapema sio wiki ya pili ya masomo. Kamati ianze kuandaa kozi fupi mbili za hapa kwetu, ya dawa na uraibu, na ya dawa na funga pamoja na mitishamba, na kwenye kikao hicho wakae wanafunzi wawili wenye haki ya kusema, si wa kubeba maji. Ile ya biashara, kama lazima ibaki, apatikane mtu mmoja mwenye kemisti aje atupigie hesabu za stoki inayoekspaya. Na tupewe jibu la maandishi, hata likiwa ni hapana, hapana iliyoandikwa na sababu zake tutaipokea, tutajua pa kuanzia.

Mwaka wetu unabakiza mwaka mmoja na kidogo kisha intanshipu, kwa hiyo mengi ya haya pengine sisi hatutayafaidi, tushalijua hilo. Walio mwaka wa pili ndio wanaoniuliza kila siku, "ile barua ilifika wapi?"

Klasi rep wetu yuko tayari kuja siku yoyote utakayomwita, na safari hii chai tutakuja nayo sisi.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa nne,
kwa niaba ya wenzangu waliotia sahihi barua ya kwanza.